Sinki la Saluni na Dawa Zangu Zote

Jumatatu, 3 Machi

Likizo imeanza. Wiki mbili kamili bila kugonga mhuri kwenye barua ya mtu. Niliamka saa kumi na mbili kwa mazoea, nikavaa tai, nikaivua.

Jumamosi mke wangu anafungua saluni yake kwenye chumba chetu cha mbele. Miaka kumi na mmoja ameosha vichwa kwenye saluni ya mwanamke mwingine, ile ya ng'ambo ya barabara, na sasa amesema basi. Kiti kipo. Kioo kipo. Kikausha nywele kipo. Sinki la kuoshea nywele limeshafungwa ukutani. Kinachokosekana ni maji. Wateja wanane wameahidi kuja, na wakikuta sinki kavu watavuka barabara warudi walikotoka. Naye itabidi avuke nyuma yao, akaombe kazi yake ya zamani. Amesema hivyo mwenyewe, akiwa anatandika kitanda, bila kunitazama.

Ilikuwa imepangwa kaka yake aje kuvuta bomba kutoka jikoni. Shemeji ni fundi bomba. Ni mtu mwema, siwezi kusema vinginevyo, ila ana tabia ya kupiga miluzi akiwa kazini na ya kuniita Mzee wa Ofisi. Jana mezani alisema anatamani kuniona nimeshika spana walau mara moja kabla Mungu hajamchukua. Walicheka wote wawili. Mke wangu ndiye aliyechelewa kunyamaza. Nikasimama, nikatangaza kwamba bomba la saluni nitalifunga mimi, kwa mikono hii, na asiniguse mtu.

Shemeji alisema sawa, kazi yenyewe ni ndogo, bomba la plastiki la mita tatu na viungo viwili. Mke wangu alisema sawa pia, lakini sawa yake ilikuwa na tarehe: Alhamisi jioni. Ikifika hakuna maji, anampigia kaka yake.

Mchana nilikwenda kwa Mama Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo kona. Nimerudi na bomba, spana na viungo viwili vya kubana. Ni vitu rahisi ajabu. Nati, pete ya shaba, na mwili wa kupokelea bomba. Bomba linapita kwenye nati, linavaa pete, linaingia mwilini, unakaza nati. Basi. Kinachonitia shaka ni ule ukavu. Hakuna gundi, hakuna dawa, shaba na plastiki vinakutanishwa bila mshenga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho naziba.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya ushindi, kwa sehemu.

Nilikata bomba kwa kisu cha mkate. Ncha ilitoka imekwenda upande kidogo, lakini nani ataiona, si itakuwa ndani ya nati? Kisha nikaleta mshenga: tepu nyeupe, ile nyembamba ya mafundi bomba. Nilizungusha bomba mara ishirini na mbili, nikavisha pete juu ya tepu, nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hivyo hivyo kiungo cha jikoni, hivyo hivyo kile cha chini ya sinki la saluni.

Nikafungua koki ya jikoni. Tone. Nikapima kwa saa ya mkononi: tone moja kila sekunde mbili. Kwa mtu wa siku ya kwanza kazini, si haba.

Lakini mimi si mtu wa kuridhika na si haba. Nilifungua tena, nikaongeza tepu hadi mizunguko arobaini na mmoja. Pete ikagoma kupita. Nikaishawishi kwa nyundo. Nati ilishika uzi mmoja na nusu tu, nikaona unatosha, nikafungua koki. Kimya. Nilianza kutabasamu. Hapo bomba likachomoka lote kwenye kiungo, na tepu na pete vikiteleza pamoja nalo kama vilikuwa vimekubaliana, na maji yakanipiga kifuani. Nilijikinga kwa mfuniko wa sufuria. Ilinichukua dakika tatu kuifikia koki.

Mke wangu aliporudi aliuliza kwa nini kiti cha wateja kimelowa. Nikasema nimepiga deki. Akasema miaka kumi na minne ya ndoa hajaniona nikipiga deki, na tena tangu lini kiti kikapigwa deki. Nikaingia chooni, nikakaa huko mpaka mada ikabadilika.

Jirani wa chini, Fundi Cherehani, alipanda ngazi kuuliza kwa upole kama huku kwetu kumenyesha. Nikamwambia ni manyunyu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeelewa kosa la jana. Tepu ni kavu. Kiungo kinataka kitu chenye mafuta.

Mama Misumari aliuliza dawa ya kuzibia ni ya bomba gani. Nikasema la chuma. Uongo mdogo, wa kuokoa muda, maana yule mama akianza kueleza hukomi kusikiliza. Akanipa mkebe wa dawa na fungu la katani. Kwenye mkebe wameandika isitumike kwenye plastiki. Nimekuwa karani wa masijala kwa miaka kumi na tisa na nayajua maandishi ya namna hiyo. Huandikwa na watu waoga ili wasije wakalaumiwa.

Dawa nilipaka kwa brashi ya mke wangu ya kupakia rangi ya nywele. Kwanza katani, kisha dawa, kisha katani, kisha dawa, pete ikazama humo isionekane tena. Nikakaza. Nikasubiri. Saa nzima, hakuna tone. Saa mbili, hakuna tone! Nilipita kidole kuzunguka nati, kikatoka kikavu. Nikacheza peke yangu jikoni. Nikatunga kichwani maneno ya kumwambia Shemeji, mafupi, yasiyo na majivuno, yatakayomchoma.

Halafu nikakumbuka kwamba koki sijaifungua.

Nilipoifungua, kiungo cha jikoni kilitoa jasho na kile cha saluni kikatoa kamba nyembamba ya maji yenye rangi ya dawa. Wakati huohuo nikasikia viatu vya mke wangu kwenye ngazi. Nikafunga koki. Alipoingia alikwenda moja kwa moja kwenye sinki, akazungusha bomba lake, hakuna kitu. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba maji yamekatika mtaa mzima. Kabla sijafika mwisho wa masikitiko, Fundi Cherehani akagonga mlango. Alikuja kusema kwamba maji yetu yanamfikia vizuri sana, yanapita darini na kuangukia kwenye vitambaa vya watu, na je, tungeweza kumpunguzia.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu leo ilikuwa na urefu wa kizingiti.

Mke wangu hakugomba. Ningependa angegomba. Alisema tu, kesho jioni, kisha akakaa sakafuni na kuanza kukunja taulo. Nane, moja kwa kila mteja. Akazipanga kwa rangi, akazipangua, akazipanga upya. Kwenye saluni ya watu alikuwa akipewa taulo kuukuu zenye matundu. Nilimtazama na nikaona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nilitaka nikae pale chini nimwambie kila kitu.

Badala yake nikapata wazo. Kama kesho jioni Shemeji atakuwa na kazi mahali pengine, mke wangu atampigia nani? Nilishuka mpaka nyuma ya ngazi na simu yangu ya zamani, nikabana pua, nikampigia. Nikasema mimi ni mtumishi wa nyumba yenye geti la kijani, nyuma ya posta, jikoni kwetu kumefurika, tafadhali aje kesho asubuhi na vifaa vyake vyote. Sijui kama nyuma ya posta kuna nyumba. Geti nililitunga papo hapo, na rangi yake pia. Shemeji alisema atakuja bila kukosa.

Alhamisi, 6 Machi

Silikoni. Ajabu kwamba sikuianza siku ya kwanza.

Mama Misumari aliniuzia mrija mzima pamoja na bunduki yake ya kuikamulia. Niliacha tepu, nikaacha katani, nikaacha dawa ya jana, nikafunika vyote. Haifai kutupa kazi iliyokwisha kufanyika. Kiungo cha chini ya sinki sasa ni kikubwa kuliko ngumi yangu na ni cheupe. Kile cha jikoni kina umbo la kichuguu. Nilivipapasa kwa kidole chenye sabuni mpaka vikalainika, na sitaficha kwamba niliona vinapendeza.

Na hapa ndipo sayansi iliponibeba. Silikoni inataka saa ishirini na nne ili ikauke. Si mimi niliyesema, imeandikwa kwenye mrija. Kwa hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kufungua koki kabla ya kesho jioni. Kesho, si leo.

Saa kumi na moja jioni mke wangu alikuwa chini kwa Fundi Cherehani akimwomba radhi. Mlango ukagongwa. Shemeji! Anapiga miluzi, buti zimejaa matope, uso unang'aa. Nilidhani amekuja kunishika shati. Akanikumbatia. Nyuma ya posta kuna nyumba. Ina geti, na geti ni la kijani. Mwenye nyumba hakumpigia mtu yeyote, lakini jikoni kwake palikuwa pamefurika tangu jana na alidhani ni mumewe aliyeita fundi. Sasa wanataka mabomba ya nyumba nzima yabadilishwe. Kazi ya siku tatu, nne.

Shemeji akasema pole kwa mafua. Sauti yangu aliitambua mara moja, akashangaa tu kwa nini sikujitaja, kisha akaelewa: tenda wema nenda zako. Alisema hakujua kama nampenda kiasi hicho. Nilikohoa, ili mafua yawe ya kweli.

Alikuja na zawadi. Pakiti ndogo yenye vijibomba kumi na viwili vya chuma, vifupi kama kifundo cha kidole, vinameta, vina ukingo upande mmoja. Akaeleza kwamba bomba la plastiki ni laini, ukilibana kwa nje linanywea kwa ndani, kwa hiyo kabla ya kukaza unalitia kijibomba hiki tumboni ili lipate mgongo wa kushindana na pete. Akauliza kama nimevitia. Nikasema bila shaka. Akauliza kama nimetia dawa yoyote kwenye kiungo, kwa sababu kiungo cha kubana hakitaki dawa, pete ndiyo dawa yake, na mafuta ya dawa hula plastiki taratibu. Nikasema dawa, mimi? Akataka kuchungulia. Nikamwambia kazi imekwisha na chumba kimefungwa ili kisichafuke kabla ya Jumamosi. Aliamini. Huyu mtu huamini kila kitu, inachosha.

Pakiti niliiweka kwenye rafu ya saluni. Mke wangu alipopanda nikamwambia kaka yake amekuja, ameuliza kila kitu na ameondoka ameridhika. Hakuna neno la uongo hapo. Akakubali kusubiri hadi kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi njema kupita zote. Mke wangu alitoka saluni na ile pakiti mkononi, macho yamelowa. Akasema ni mara ya kwanza katika ndoa yetu nimemnunulia kitu anachokitaka bila yeye kukitaja. Pete za misuko! Za chuma hasa, si zile za bati zinazochubuka. Wateja watazipigania. Akanishika shavu.

Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikasema si kitu, mke wangu, nilipita tu dukani nikaziona. Akazitia kwenye chupa ya kioo na kuiweka mbele ya kioo kikubwa ili zionekane mara mbili.

Saa kumi na moja jioni, saa ishirini na nne zilitimia. Nilimwita aje ashuhudie. Alivaa aproni yake mpya, ile yenye mifuko ya vitana. Nikafungua koki. Akazungusha bomba la sinki, maji yakatoka, ya nguvu, meupe, akatia mkono chini yake akacheka peke yake. Tukatazama kiungo. Kikavu. Dakika tano, kikavu. Alianza kusema kwamba amenifikiria vibaya wiki nzima.

Ikatokea chunusi kwenye silikoni. Ndogo. Nikaiwekea kidole. Ikakua chini ya kidole, ikawa limau, ikawa chungwa, silikoni ikinyooka na maji yakionekana ndani yakizunguka. Mke wangu aliuliza kwa sauti ya chini ile ni nini. Nikamwambia ni kawaida. Ilipasuka usoni kwetu sote wawili, na kule jikoni nikasikia kichuguu nacho kikifungua njia.

Tulizoa maji pamoja kwa saa nzima. Alipomaliza alimpigia kaka yake. Nilisikia upande mmoja tu, lakini ulitosha. Shemeji hawezi kuja leo. Yuko nyumba ya geti la kijani, mabomba yote ameyang'oa, watu wa mle wamebaki bila tone, hawezi kuwaacha hivyo. Atajitahidi kesho saa sita. Na ajue kwamba kazi hiyo kaipata kwa mkono wa mumewe.

Mke wangu alikata simu. Akasema asante kwa kumtafutia kaka yangu kazi. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo chake, na aproni yake mpya imelowa, akalia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha deki, kisha nikaanza kupangusa miguu ya kiti.

Jumamosi, 8 Machi

Nilianza kutafuta njia kabla hakujapambazuka, na safari hii niliipata.

Kiungo cha jikoni nilikiacha kabisa. Bomba nililichomoa, nikalipandisha hadi juu ya jokofu, nikachomeka faneli. Nikapanda kwenye kigoda na ndoo, pipa letu la maji ya akiba likiwa pembeni. Mteja akilazwa kwenye sinki, mke wangu anagonga ukuta mara mbili kwa kitana, mimi namimina, na huko upande wa pili maji yanatoka kama kawaida. Kwa kuwa hayana nguvu, kiungo cha saluni kinadondosha kidogo tu, na chini yake nimetega bakuli lenye taulo. Mke wangu alisikiliza mpango wote na macho amefumba. Akasema hana lingine.

Na ikafanya kazi! Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanawake walisifu maji yetu kwa upole wake. Mama Misumari mwenyewe alikuja, amefunga duka kwa ajili ya siku hii, akataka misuko mikubwa. Akaziona zile pete kwenye chupa. Akazichukua zote kumi na mbili. Nilimsikia akisema pete hizi amewahi kuziona mahali, hakumbuki wapi. Kigoda kilitikisika.

Saa tano na nusu akaja Bi Mkubwa wa nyumba ya wageni, mama mzito, mwenye sauti ya kuamuru, na nyuma yake wateja wengine watano ambao humfuata popote anaposuka. Mke wangu alimpaka povu kichwa kizima. Akagonga. Nikamimina. Akagonga tena, nikachota kwenye pipa, na pipa lilikuwa tupu. Ile koki ya jikoni nilikuwa nimeibana kwa spana jana nikiwa na hasira, na sasa haikubali kugeuka. Kitana kikagonga mara nne. Mara saba. Nikasikia Bi Mkubwa akiuliza, macho amefumba, kama saluni hii ina maji au haina, maana ng'ambo ya barabara yapo.

Ndipo Shemeji akaingia, anapiga miluzi.

Aliangalia juu ya jokofu. Akaangalia faneli. Akaangalia kigoda, na mimi juu yake. Koki aliilegeza kwa pigo moja. Viungo alivifungua akachomoa katani, akachomoa tepu, akabandua silikoni, vyote kwa mpangilio, na kuviweka pembeni kama daktari. Hapo tu akasema, taratibu, sikio la kufa halisikii dawa, na kwako shemeji dawa ndizo zilizozidi. Alikata ncha za bomba upya, zikiwa sawa kabisa, akazifuta. Akanyoosha mkono. Akataka vijibomba viwili.

Nikamwambia havipo. Akasema si alinipa kumi na viwili. Nikasema vipo, ila vinatumika. Akasema basi, akimbilie kwa Mama Misumari, dakika mbili tu. Nikasema duka limefungwa. Limefungwa kwa nini? Sikuwa na jinsi. Nikasogeza pazia, nikamwonyesha kwa kidevu.

Shemeji alitazama kichwa cha Mama Misumari kwa muda mrefu. Kisha akaketi chini na kuuziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Ilibidi niseme mimi. Mbele ya wanawake tisa, mmoja ana povu. Nilisema zile si pete za misuko, ni za kutia ndani ya bomba, na mke wangu hakujua, mimi nilijua. Nilisema na ya kiti, na ya mtaa mzima kukatika maji, nikajikuta natiririka mpaka kwenye pua niliyoibana. Mke wangu aliweka kitana chini. Mama Misumari alishika msuko mmoja, akauleta mbele ya macho, akasema ndiyo maana. Miaka minane anaziuza na hajawahi kujua kwamba zinampendeza. Kumi hatoi. Mbili anatoa, lakini za kisogoni, na mke wangu azifungue mwenyewe kwa mkono wake mwepesi, si mimi.

Shemeji alizisuuza, akazitia kwenye ncha za bomba, akavisha nati na pete, bila chochote juu yake. Alikaza kwa mkono, kisha kwa spana mzunguko mmoja na kidogo. Nilimpa tepu yangu iliyobaki. Akaitia mfukoni mwake. Koki ikafunguliwa. Akanipa karatasi laini, nizungushe kwenye viungo mwenyewe. Nilizungusha mara tatu. Ilikuwa kavu.

Mke wangu alifungua maji yake juu ya kichwa cha Bi Mkubwa na povu likaondoka. Alianza kuimba polepole, wimbo anaouimba akiwa amesahau kwamba watu wapo. Hakuna hata mmoja aliyevuka barabara. Nilisimama nyuma ya pazia nikafurahi. Bi Mkubwa alipoinuka aliuliza ni fundi gani aliyefunga maji haya. Shemeji akanitazama na lile tope la siku tatu kwenye buti zake. Akasema kazi ni ya shemeji yake, yeye amekaza nati tu. Na mke wangu, aliyeyajua yote, akasema ndiyo, ni mume wangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala vizuri sana. Saluni ina maji. Wateja jana walikuwa kumi na watatu.

Nimekaa nikatafakari kwa nini kiungo kimeshika, maana fundi makini lazima ajue sababu. Jibu ni wazi. Siku tatu za dawa zangu ziliuandaa mwili wa kiungo. Tepu iliuzoesha kubanwa, mafuta yaliulainisha, silikoni iliziba vitundu visivyoonekana kwa macho. Shemeji alifika kuvuna. Simlaumu, na sitamwambia.

Mke wangu ametia kufuli kwenye kabati la chini ya sinki na ufunguo ameuvaa shingoni. Vizuri. Kazi nzuri hulindwa.

Baada ya chai Bi Mkubwa alipanda ngazi kunitafuta. Nyumba yake ya wageni ina vyumba kumi na vinne, kila kimoja na sinki lake, na anataka mabomba yote yawe ya plastiki. Amekataa mafundi wawili. Anataka yule aliyefunga maji ya saluni. Mke wangu alitoka na povu mikononi akasema haraka kwamba kazi kubwa kama hiyo nitaifanya pamoja na kaka yake, au kaka yake peke yake. Nikamwambia Bi Mkubwa kwamba naanza kesho asubuhi, na sihitaji msaidizi. Likizo yangu ina wiki nzima iliyobaki. Mke wangu alirudi ndani na nikamsikia akibonyeza simu.

Mama Misumari alinifungulia mlango wa nyuma wa duka, misuko yake kumi ikimeta begani. Nimechukua mikebe minne ya dawa, katani, katoni ya tepu na mirija kumi na miwili ya silikoni. Akanitazama kwa huruma, akauliza kama sitaki na vile vijibomba vya ndani, ishirini na vinane, anavyo dukani. Nikamwambia mimi ni fundi bomba, sisuki nywele.